Lesotho: Nchi ya Juu Ambayo Mali Yake Yote Hushuka

Sehemu iliyo chini kuliko zote nchini Lesotho ni pale mto Makhaleng unapoingia katika mto Senqu, na hapo ni mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hicho ni kimo cha mji wa Arusha. Kwingineko kote ni kupanda. Maseru, mji mkuu, uko kwenye mita zipatazo 1,600 na wenyeji huuhesabu kuwa wa bondeni. Upande wa mashariki kilele cha Thabana Ntlenyana hufika mita 3,482, na ukitoka hapo kuelekea kaskazini hutakuta kingine cha kukizidi mpaka uingie Tanzania na kuiona Meru, kisha Kilimanjaro. (Vitabu vingi huitaja Kilimanjaro peke yake, watu wa Arusha wana haki ya kulalamika.) Hakuna nchi nyingine huru duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000.

Ufalme huu umezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Nchi za namna hiyo ziko tatu tu duniani, na mbili zilizobaki, Vatikani na San Marino, zimo ndani ya Italia. Kwa ukubwa Lesotho ina kilomita za mraba 30,355, ikiizidi kidogo Rwanda na kidogo Burundi. Lakini Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, na Lesotho takriban milioni mbili. Sababu ni ardhi yenyewe. Milima ya Rwanda hulimwa hadi kileleni. Milima ya Lesotho ni lava iliyoganda miaka ipatayo milioni 180 iliyopita, ikafunikwa na udongo mwembamba na nyasi fupi, na theluji yaweza kuanguka mwezi wowote wa mwaka. Ardhi ya kulimika ni kama sehemu moja ya kumi, na sehemu kubwa yake imo katika ukanda mwembamba wa magharibi, kando ya mto Mohokare ambao ramani nyingi huuita Caledon. Ng'ambo ya mto huo mashamba ya mahindi na ngano ya jimbo la Free State yametandaa mpaka jicho lichoke. Nayo yalikuwa ya Wasotho.

Namna yalivyokwenda ndiyo historia ya taifa hili. Mwaka 1824 Moshoeshoe wa Kwanza alihamishia watu wake kwenye kilima cha Thaba Bosiu, wakati kusini mwa Afrika kukiwaka vita na njaa. Kilima chenyewe si kirefu. Juu ni tambarare yenye chemchemi za maji na malisho, pembeni ni kuta za mwamba, na njia za kupandia ni chache kiasi kwamba watu wachache wenye mawe ya kuviringisha waliweza kuzilinda. Simulizi za Wasotho zinasema kwamba katika safari hiyo babu yake mfalme, Peete, alikamatwa akaliwa na watu waliogeuzwa wala watu na njaa. Walipoletwa mbele yake, Moshoeshoe alikataza wasiuawe. Matumbo yao, alisema, sasa ndiyo kaburi la babu yake, na kaburi halivunjwi. Mwaka 1831 jeshi la Mzilikazi liliposhindwa kukipanda kilima, mfalme aliwapelekea washambuliaji hao ng'ombe wa kula njiani wakirudi kwao. Hawakumrudia tena.

Waingereza walimjia mwaka 1852, Makaburu mwaka 1858 na tena mwaka 1865. Thaba Bosiu haikutekwa hata mara moja. Tatizo ni kwamba ngome ya mlimani hailindi shamba la bondeni. Makaburu walichoma mazao, wakaswaga mifugo, na vita ilipokwisha nchi tambarare ya ng'ambo ya Mohokare ilikuwa imekwenda. Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Uingereza, akaupata mwaka 1868, akafariki mwaka 1870. Uhuru ulikuja tarehe 4 Oktoba 1966. Mzao wake, Letsie III, ndiye mfalme leo, ingawa kazi ya kutawala iko mikononi mwa waziri mkuu.

Kwa hiyo ramani ya Lesotho ni ramani ya watu waliobaki na mlima baada ya kunyang'anywa bonde. Tangu hapo uchumi wao umekuwa na mwelekeo mmoja: kila chenye thamani kinachotoka juu hushuka kwa jirani, na bei yake hupangwa huko huko chini.

Yatazame maji. Senqu, ambao ukivuka mpaka huitwa Orange, kwa asili yake hutiririka kuelekea magharibi hadi bahari ya Atlantiki. Johannesburg iko kaskazini, juu ya mwinuko usio na mto mkubwa, na ina migodi, viwanda na mamilioni ya watu wenye kiu. Wazo la kuyazuia maji ya Lesotho na kuyageuza yaende kaskazini lilikuwapo tangu miaka ya 1950. Kilichokosekana ni saini.

Saini ilipatikana hivi. Mwanzoni mwa Januari 1986 serikali ya makaburu ilifunga mipaka yake na Lesotho, ikidai kwamba wapiganaji wa ANC wanahifadhiwa Maseru. Miaka mitatu kabla yake, Desemba 1982, makomando wake walikuwa wamekwisha kuvamia Maseru usiku na kuua watu 42. Nchi iliyozungukwa haina pa kukimbilia mpaka ukifungwa: mafuta, unga, dawa, vyote hupita lango lile lile. Kabla mwezi haujaisha jeshi la Lesotho, chini ya Meja Jenerali Justin Lekhanya, lilimpindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan. Mpaka ukafunguliwa. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo mkataba wa maji ukatiwa saini. Anayetaka kuamini kwamba mambo hayo hayahusiani, na aamini.

Kilichojengwa ni kazi ya kutisha kwa uhandisi. Bwawa la Katse, lililokamilika mwaka 1996, lina ukuta wa zege wenye kimo cha mita 185, uliopindwa pande zote mbili kama gamba la yai ili uzito wa maji uusukume kwenye miamba ya kando. Kutoka hapo maji huingia katika handaki lenye urefu wa kilomita 45 chini ya milima, huzungusha mitambo ya umeme ya 'Muela yenye uwezo wa megawati 72, halafu huingia handaki jingine la kilomita 37 na kuibukia Afrika Kusini. Maji ya kwanza yalivuka mpaka mwaka 1998. Bwawa la Mohale likaongezwa mwaka 2002, na jumla ya maji yanayoshuka sasa ni kama mita za ujazo milioni 780 kwa mwaka. Afrika Kusini ililipia kazi ya kuyapeleka maji kwake na hulipa mrabaha. Lesotho ilijilipia umeme. Mrabaha huo ni mapato ya kweli, tena ya uhakika kuliko mengine yote ya nchi. Lakini umeme wa 'Muela hautoshi, hasa majira ya baridi, na nchi hununua mwingine kutoka Afrika Kusini na Msumbiji.

Ukitaka kujua maji hayo yana thamani gani, kumbuka Septemba 1998. Wanajeshi wa Afrika Kusini na Botswana waliingia Lesotho kwa jina la SADC kutuliza ghasia zilizofuata uchaguzi. Miongoni mwa sehemu za kwanza kushikwa na Waafrika Kusini lilikuwa bwawa la Katse, na askari wa Lesotho waliokuwa wakililinda waliuawa.

Mradi wa maji ulileta pia kesi ambayo haijapata sifa inayostahili. Masupha Sole, aliyekuwa mtendaji mkuu wa mamlaka ya mradi, alitiwa hatiani mwaka 2002 kwa kupokea rushwa kutoka kampuni za nje, akafungwa. Kwingine mambo yangeishia hapo: mpokeaji gerezani, mtoaji uwanja wa ndege. Mahakama za Maseru ziliendelea. Mwaka huo huo kampuni ya Acres International ya Canada ilitiwa hatiani, na mwaka uliofuata Lahmeyer ya Ujerumani. Benki ya Dunia ikaifungia Acres mwaka 2004. Nchi ndogo, maskini, iliyoambiwa kwamba gharama za kesi zitaifilisi, iliwashinda mawakili wa mataifa tajiri. Vyuo vyetu vya sheria vingepaswa kuifundisha kesi hii kila mwaka.

Wanakijiji wa mabonde yaliyofunikwa walihamishwa, na wengi wa waliobaki hulitazama ziwa ambalo maji yake yanakwenda mbali. Maseru yenyewe iliteseka kwa uhaba wa maji mpaka ilipojengewa bwawa lake la Metolong. Sasa awamu ya pili inajengwa Polihali, wilaya ya Mokhotlong, na vijiji vingine vinahama.

Almasi nazo zimo katika milima hiyo hiyo. Mgodi wa Letšeng uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mgodi wa almasi duniani ulio juu kuliko huo. Ukichimba tani mia za mwamba unaweza usipate hata karati mbili, ila mawe yake huwa makubwa ajabu. Mwaka 1967, kabla kampuni kubwa hazijafika, mama mmoja mchimbaji mdogo, Ernestine Ramaboa, aliokota hapo jiwe la karati 601. Jiwe hilo lilikatwa New York na sonara Harry Winston, na kipande chake kimoja kikawa pete ambayo tajiri wa meli Aristotle Onassis alimvisha Jacqueline Kennedy mwaka 1968. Mwaka 2018 Letšeng ilitoa jiwe la karati 910, likauzwa dola milioni 40. Kampuni ya Gem Diamonds inamiliki asilimia 70 ya mgodi na serikali asilimia 30. Soko liko Antwerp. Thamani kubwa ya almasi huongezeka inapokatwa, na hiyo hufanyika mbali na Letšeng.

Kabla ya almasi na maji, walioshuka ni wanaume. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wasotho zaidi ya 100,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, na fedha walizotuma ndizo zilizolisha vijiji. Migodi ilipoanza kupunguza watu, walirudi, wengine na mapafu yaliyojaa vumbi. Walikuta wake zao wakiendesha kila kitu. Hadi leo Lesotho ni mojawapo ya nchi chache za Afrika ambako wasichana wamesoma kuliko wavulana, kwa sababu mtoto wa kiume hupelekwa malishoni mapema, wakati mwingine kwa miezi mfululizo, akilala katika kibanda cha mawe na mbwa wake.

Halafu ikaja zamu ya wanawake. Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, nguo za Lesotho ziliruhusiwa kuingia huko bila ushuru, na wawekezaji wa Taiwan na China wakajenga viwanda Maseru na Maputsoe. Washonaji, wengi wao wanawake, walifika zaidi ya 40,000. Walishona jinzi za Levi's na Wrangler. Nchi isiyo na pamba wala bandari ikawa muuzaji mkubwa wa nguo kwa Marekani, jambo ambalo hata wachumi walishindwa kulitabiri. Machi 2025 Rais Donald Trump, akilihutubia Bunge la Marekani, aliitaja Lesotho kuwa nchi ambayo hakuna mtu amewahi kuisikia. Tarehe 2 Aprili akaitangazia ushuru wa asilimia 50, mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote. Hesabu iliyotumika ilikuwa nyepesi: Lesotho huiuzia Marekani jinzi na almasi nyingi, na hununua kutoka huko vitu vichache. Ingenunua nini, ndege? Ushuru ulikuja kupunguzwa hadi asilimia 15 mwezi Agosti, lakini oda zilikwisha futwa na wafanyakazi kurudishwa nyumbani. Julai 2025 serikali ilitangaza hali ya maafa kitaifa kwa sababu ya ukosefu wa ajira.

Sufu nayo imefuata mkondo huo huo. Kondoo wa merino na mbuzi wa Angora hustahimili baridi ya milimani vizuri, na kwa manyoya ya mbuzi hao Lesotho ni ya pili duniani, nyuma ya jirani yake. Kwa miaka mingi marobota yalishushwa kwenye minada ya Afrika Kusini. Mwaka 2018 serikali iliamua kulazimisha mauzo yafanyike ndani ya nchi. Nia ilikuwa njema, utekelezaji ukawa mbovu: malipo yalichelewa, na mwaka 2019 wafugaji waliandamana Maseru kudai fedha zao. Hata blanketi, vazi ambalo Msotho huvaa arusini, msibani na siku ya kawaida tu akiwa juu ya farasi, hufumwa kiwandani Afrika Kusini. Waliotazama filamu ya Black Panther mwaka 2018 waliyaona mablanketi ya mtindo huo, na huenda wengi waliyadhani ni ubunifu wa Hollywood.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiwezi kuteremshwa kwa handaki wala kwa lori. Mandhari hayasafirishwi, mnunuzi lazima apande mwenyewe. Ndiyo maana naona utalii, ambao wakubwa wa Maseru huuweka mwishoni mwa hotuba, ungestahili kuwekwa mbele.

Pale Semonkong mto Maletsunyane hufika ukingoni na kuanguka mita 192 kwa mruko mmoja. Majira ya baridi, Juni na Julai, mvuke wake huganda kwenye miamba ya chini. Wenye moyo hushuka kando ya maporomoko kwa kamba, mita 204, safari iliyoingizwa katika kitabu cha Guinness kuwa ndefu kuliko zote za kibiashara za namna hiyo. Wenye akili, nami nimo, watatosheka na ukingo wa upande wa pili.

Afriski, kwenye milima ya kaskazini zaidi ya mita 3,000 juu, watu huteleza kwenye theluji kuanzia Juni hadi Agosti, na mitambo huiongeza pale mawingu yanapofanya uchoyo. Hifadhi ya Sehlabathebe iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na hifadhi ya Drakensberg ya ng'ambo. Huko na katika majabali mengine ya mashariki yupo tai mwenye ndevu, ndege adimu ambaye hubeba mfupa hadi juu, akauachia udondoke kwenye jiwe, kisha akashuka kula uboho. Upo pia mshubiri wa kipekee ambao majani yake hujipanga kwa mzunguko kama yamepigiwa hesabu; porini hauoti mahali pengine popote duniani. Quthing kuna nyayo za dinosaria zilizoganda katika mawe ya mchanga, na mapangoni imo michoro ya Wasani, wakazi wa kwanza wa milima hii, ambao waliuawa au kumezwa na jamii nyingine katika karne ya 19. Morija, ambako wamisionari wa Kifaransa walifika mwaka 1833, kuna jumba la makumbusho na historia ya uchapaji ambayo bado haijapata mwandishi wake kwa Kiswahili. Ndiko alikosomea na kufanya kazi Thomas Mofolo, mwandishi wa riwaya ya Chaka, iliyotoka mwaka 1925.

Lakini hata utalii unaweza kushuka kama maji. Njia maarufu kuliko zote ni Sani, barabara ya kona kali inayopanda kutoka KwaZulu-Natal hadi mita 2,874, ambako kuna baa inayojisifu kuwa ya juu kuliko zote Afrika. Wageni wengi hupandishwa kwa magari ya kampuni za chini, hunywa, hupiga picha na kibanda cha mawe, na jua likielekea kuzama wamekwisha kurudi walikotoka. Mchungaji aliyepigwa picha hubaki na vumbi.

Vijiji vya Semonkong na Malealea vimefanya vizuri zaidi. Farasi wa safari ni wa wanakijiji wenyewe, waongozaji hutoka kijijini, na mgeni hulala katika nyumba ya msonge akipikiwa papa na moroho, ambavyo Mwafrika Mashariki atavitambua mara moja kuwa ni ugali na mboga za majani. Farasi wa Kisotho ni mfupi, mwenye kwato ngumu, na hutembea kwenye kingo ambazo mtu angezipita kwa magoti. Fedha ya mgeni wa namna hii humfikia mwenye farasi jioni ile ile. Wizara ikitaka mfano wa kuigwa, uko hapo, umekuwapo kwa miaka mingi, na haukuhitaji mkopo wa kigeni.

Kwa msomaji anayefikiria safari: njia ya kawaida ni kuruka hadi Johannesburg, kisha ndege ndogo hadi Maseru, au gari kupitia Bloemfontein, kilomita kama 150 kutoka mpakani. Hakikisha mapema masharti ya viza ya nchi zote mbili, maana huwezi kufika Lesotho bila kupita Afrika Kusini. Beba koti zito hata kama unakwenda Desemba. Usipande Sani na kurudi siku hiyo hiyo. Lala juu, mkodi mwongozaji wa kijijini, mlipe yeye. Na kuhusu fedha, randi hupokewa kote Lesotho kwa thamani sawa na loti, lakini loti haipokewi Afrika Kusini. Zitumie zote kabla hujashuka.